Mapacha wa Swali la Nne

Kama kuna mtu ambaye hajawahi kuamini jambo kwa kuambiwa tu, basi ni Bi Msumari. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wake kwa tabia ya kumgongelea mtu swali mpaka lipenye. Ukimwambia mvua inanyesha, kwanza atatoa mkono dirishani. Ukimwambia umeshiba, atachungulia sahani. Marehemu mumewe alikuwa akiapa kwamba hata siku ya posa, alipomwambia anampenda, jibu alilopata lilikuwa, "Una ushahidi?" Nyumbani tabia hiyo ni kero tupu. Kwenye hisabati ni mtaji, na Bi Msumari alikuwa amefundisha hisabati tangu ana kiuno chembamba.

Asubuhi hiyo alikuwa kwenye chumba cha walimu cha shule iliyofungwa kwa likizo. Jopo lilikuwa limesahihisha shindano la hisabati la vijana, na wengine walishakwenda zao. Amebaki yeye na mwenyekiti, Profesa, mtu mwema lakini mwenye haraka kama aliyeacha chungu motoni. Meza zimeunganishwa, karatasi zimefungwa mafungu kwa kamba ya katani, chai imepoa, na feni ya darini inalalamika kila inapozunguka. Timu ya kwenda kambini, na kutoka kambini kwenda kushindana ng'ambo, ilikuwa imetimia. Ilibaki nafasi moja.

Na timu hiyo haijawahi kuwa na msichana hata mmoja. Bi Msumari alikuwa amelipigania jambo hilo mpaka sauti ikamkauka. Amezunguka shule za wasichana, amewashawishi wakuu wa shule, ameingia kwenye saluni na vyumba vya kusubiri daktari akiwatega watu kwa mafumbo, ili waone kwamba hesabu si mali ya wanaume wenye miwani. Kinyozi mmoja alizama kwenye fumbo lake mpaka akakosea kumnyoa mteja. Hata swali la nne la shindano la mwaka huo alilitunga yeye, na alilitunga kwa mapenzi: watu wamekutana ukumbini, wengine wanapeana mikono na wengine hawapeani. Onyesha kwamba watu waliopeana mikono mara witiri, yaani mara moja, au tatu, au tano, daima idadi yao ni shufwa. Daima watagawanyika wawili wawili.

Karatasi mbili zilikuwa mbele yake, majina yamefunikwa, namba tu zinaonekana. Ya kwanza alipoisoma moyo ulimruka. Mtahiniwa hakufuata njia iliyokuwa kwenye mwongozo wa kusahihishia. Aliwaita waliopeana mikono mara witiri "watu wa kiatu kimoja," kisha akasema: mwanzoni, kabla ya salamu yoyote, hakuna mtu wa kiatu kimoja. Kila salamu inapotokea, ama wanaongezeka wawili, ama wanapungua wawili, ama mmoja anakipata kiatu cha pili na mwenziwe anapoteza kimoja, idadi ikabaki vilevile. Ukianza na sifuri ukawa unaongeza na kupunguza wawili wawili, utaiona wapi witiri? Bi Msumari alicheka peke yake. Alitaka kusimama acheze.

Karatasi ya pili ilimrudisha kitini. Viatu ni vilevile, mpangilio ni uleule, hata mfano wa mwisho ni uleule. Mtu mmoja alikuwa ameiba.

Walifunua majina. Mapacha, wa shule moja, baba mmoja mama mmoja: kijana na msichana.

"Msichana kaangalizia," alisema Bi Msumari.

Alisema kabla Profesa hajavaa hata miwani. Profesa alimtazama kwa mshangao. "Dada, wewe ndiye unayesema hivyo? Mbona walikaa mstari mmoja, msichana mbele na kijana nyuma?"

"Shingo ya mtu si ya mbao, Profesa. Hugeuka."

Msimwone katili. Alikuwa na woga, na woga huo alikuwa akilala nao. Safari hii wafadhili walikuwa wameshasema wazi kwamba wangependa kuona msichana kwenye picha ya timu. Bi Msumari alijua hesabu ya mambo hayo: akipelekwa msichana wa kuazima, akaumbuka ng'ambo, hatasemwa yeye peke yake. Watasemwa wote watakaokuja baada yake, na mlango utafungwa kwa komeo. Kwa hiyo kila msichana aliyekaribia nafasi hiyo alimpekua mara mbili kuliko mvulana, akiamini kwamba anawalinda. Aliita hiyo kuwa macho.

Walimpigia baba simu, na kabla ya adhuhuri akafika na wanawe wawili. Alikuwa fundi wa majokofu, bado yumo ndani ya ovaroli, mikono imetakata kwa sabuni lakini kucha zimekataa. Aliwasalimu kwa heshima zote, kisha akamshika mwanawe wa kiume begani.

"Walimu wangu, kama kuna kosa mniambie. Huyu ndiye kichwa cha nyumba, tangu mdogo anahesabu. Dada yake naye ana bidii, siwezi kumnyima haki yake. Ana bidii sana."

Msichana aliangalia sakafu. Bi Msumari alimtazama kwa pembe ya jicho na kumwona akiminya midomo. Hasira, au hatia? Aliandika kichwani: hatia.

Kijana aliitwa kwanza, kwenye darasa la jirani, mbele ya ubao. Alikuwa mrefu, mpole, jasho limemtoka shingoni. Profesa akamwomba alifanye tena swali la nne. Kijana akashika chaki na kuliandika lote bila kusita, kutoka kiatu cha kwanza mpaka cha mwisho, neno kwa neno kama ilivyokuwa kwenye karatasi. Hata mkato hakuacha.

"Umeona?" Profesa alinong'ona, ameridhika. "Mwenye mali haisahau mali yake."

Bi Msumari alitikisa kichwa kukubali.

Kisha akaingia msichana. "Shikamooni," alisema, akaomba chaki. Alipoambiwa alifanye swali la nne, aligeuka.

"Ileile, au nyingine?"

"Nyingine ipi?" Profesa aliuliza. "Ziko ngapi?"

Msichana aliugeukia ubao. Aliandika, akafuta, akaanza upya. Aliacha viatu vyote. Safari hii alihesabu mikono: kila salamu inakula mikono miwili, kwa hiyo jumla ya mikono iliyotumika ni shufwa. Waliosalimiana mara shufwa wametoa mikono ya shufwa. Basi iliyobaki, ya wale wa witiri, lazima nayo ijumlike kuwa shufwa, na haiwezi kuwa hivyo mpaka wenyewe wawe shufwa. Alikosea mstari mmoja, akajikemea kwa sauti ndogo, akaurekebisha.

"Hii siyo uliyoandika kwenye mtihani," alisema Profesa.

"Siyo, mwalimu."

"Mbona hukurudia ile?"

"Ile nilishaimaliza."

Profesa alimgeukia mwenzake kwa jicho la kuuliza, na Bi Msumari alihisi damu ikimpanda. Njia ya kuhesabu mikono ndiyo iliyokuwa kwenye mwongozo wa kusahihishia! Mwongozo aliuandika yeye, na ulikuwa kabatini tangu siku ya mtihani. Binti huyu kaupata wapi? Tayari alikuwa akiwapanga watu kichwani: mlinzi, mhudumu wa ofisi, mwalimu wa shule yao aliyepiga simu juzi kuulizia matokeo kwa sauti ya asali. Panya wa nyumba moja wanajuana. Aliamua kumnasa palepale.

"Hebu tuseme ukumbi huo una desturi nyingine," alisema. "Watu hawapeani mikono wawili wawili. Wanashikana watatu kwa mara moja, wote watatu pamoja, na hiyo ni salamu moja. Nionyeshe kwamba bado waliosalimia mara witiri ni shufwa."

Ulikuwa mtego, na hakuuonea aibu. Aliyekariri angechukua uthibitisho wake na kuuvalisha nguo mpya.

Msichana alikunja uso. Halafu akacheka, cheko fupi lililomtoka bila ruhusa.

"Haiwezekani kuonyesha, mwalimu. Si kweli. Waingie watatu tu, washikane mara moja, waende zao. Kila mmoja amesalimia mara moja, na wako watatu." Aliinua vidole vitatu, kisha akakumbuka mahali alipo na kuvishusha. "Samahani."

Feni ya chumba cha pili ilisikika ikilalamika. Bi Msumari alikaa kwenye dawati la karibu. Jibu hilo halikuwa kwenye mwongozo wowote, kwa sababu swali lenyewe alikuwa amelitunga pale pale, mate yakiwa mdomoni.

Msichana akatolewa, kijana akaitwa tena, akaulizwa vilevile. Alishika chaki. Kisha akaanza kuandika: mwanzoni hakuna mtu wa kiatu kimoja. Kila salamu inapotokea, wanaongezeka wawili... Chaki ilipunguza mwendo, ikasimama.

"Wawili kutoka wapi, mwanangu?" Bi Msumari alimuuliza kwa upole. "Nimesema wanashikana watatu."

Kijana aliufuta mstari kwa kiganja.

Ndipo wazo lilipompata Bi Msumari, na lilimpata pabaya. Wao wawili, watu wazima wenye shahada zao, walikuwa wamekosea kosa la watu wa kazi yao. Wamezoea kusahihisha, na msahihishaji hufurahia jibu lililofanana. Wameona mmoja anarudia neno kwa neno wakasema huyu ndiye mwenyewe, ilhali anayerudia hivyo ni aliyebeba cha mwenziwe. Aliyelijua jambo hana haja ya kulikariri. Atakuja kwa mlango wowote, kwa sababu nyumba ni yake. Profesa aliteleza kwa haraka yake. Yeye Bi Msumari hakuwa na haraka. Alikuwa ametoa hukumu kwanza, kisha akaupinda kila ushahidi ulingane na hukumu, hata shingo ya mtu akaigeuza. Aliona haya, tena haya ya kuchoma.

"Ulichungulia?" alimuuliza kijana.

Kijana aliweka chaki. "Ndiyo. Yeye hakujua." Halafu, haraka mno: "Hakujua kabisa, mwalimu. Mimi tu."

Profesa alishusha pumzi. "Basi yamekwisha. Kijana anaondolewa, msichana anapita. Dada, uandike jina tupige muhuri, wafadhili wananisubiri."

Mtu mwingine angeliandika jina hilo kwa furaha na kuwahi nyumbani. Lakini msumari hauachi kuwa msumari kwa sababu umejikunja mara moja. Kwa nini kijana kasema mara mbili kwamba dada yake hakujua? Nani alimuuliza? Kanuni ya shindano ilikuwa wazi: aliyetoa na aliyepokea, wote nje. Na ndugu anayemtetea ndugu ni shahidi wa namna gani?

Alirudi kwenye chumba cha walimu, akaifungua karatasi ya msichana, safari hii bila kusoma hesabu. Alitazama mwandiko. Swali la kwanza, herufi ndogo, zimebanana kama abiria wa asubuhi. La pili, ndogo. La tatu, ndogo hivyohivyo. La nne lilianza dogo, na katikati, palepale viatu vinapoanza kufanya kazi yake, herufi zilikua. Zilikuwa kubwa, nene, zimeachiana nafasi. Aliyekaa nyuma angezisoma bila kuinua shingo.

Alitamani asingeifungua. Kwa muda alishika karatasi ile akawaza kuifunga na kukaa kimya, na hakuna ambaye angejua. Kisha akamwita Profesa akamwonyesha.

Profesa alitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Kamwandikia nduguye."

"Inaelekea."

"Basi wote wawili. Sheria ni msumeno, dada. Nami nilitaka sana safari hii..." Hakumalizia. Aliitazama saa ya ukutani.

"Inaelekea, nimesema. Sijasema imethibitika. Nipe kitambo kidogo."

Alimwita msichana arudi darasani, naye akakaa dawati la mbele, mikono mapajani. Bi Msumari hakuzunguka mbuyu.

"Kwenye swali la nne mwandiko wako ulikuwa mkubwa. Kwa nini?"

Msichana alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa babu yake. "Ulikuwa mkubwa?"

"Mkubwa sana."

"Sikujua. Labda nilikuwa nimefurahi."

Bi Msumari aliwahi kusikia visingizio vya kila rangi, lakini hicho kilikuwa kipya. Uongo mzuri kabisa, au ukweli wa kitoto kabisa. Angemwuliza mara kumi na angepata maneno kumi, na maneno si ushahidi. Alichana karatasi tupu, akamwekea mbele na kalamu.

"Darasa lina madawati matano kwa matano, kila dawati lina mwanafunzi. Mwalimu anaamuru kila mmoja ahamie dawati linalopakana na lake: la mbele, la nyuma, la kulia au la kushoto. Wote kwa mpigo, na asibaki mtu bila kiti. Inawezekana?"

"Hili ni la mtihani?"

"Hapana. Ni la kujifurahisha tu," alisema Bi Msumari, na ulikuwa uongo wake wa kwanza siku hiyo. Kisha akaenda akakaa dawati la nyuma kabisa, na darasani hakukuwa na mtu mwingine.

Msichana alianza. Alichora viboksi, akachora mishale, akawahamisha wanafunzi wake huku na huku, na kila mara mmoja akabaki amesimama. Herufi zilikuwa ndogo, zimebanana. Bi Msumari alikaza macho na hakuona hata moja kutoka pale alipo. Muda ulipita. Msichana akajikuna kichwa kwa kalamu. Akafuta. Bi Msumari aligundua kwamba amekunja mikono kifuani kama anayesali, yeye asiyeamini kitu mpaka akishike.

Halafu msichana akatulia. Akachora madawati upya, na safari hii akawa anayapaka rangi, moja jeusi, moja jeupe, jeusi, jeupe, kama ubao wa drafti. Alihesabu kwa kidole. Meusi kumi na matatu, meupe kumi na mawili. Anayetoka kwenye jeusi lazima aende kwenye jeupe, hana pengine. Akavuta pumzi ndefu, akainama, akaanza kuandika, na kutoka dawati la nyuma kabisa Bi Msumari akaliona neno la kwanza waziwazi. Akaliona la pili. Mstari wa tatu alikuwa anausoma kama unavyosoma jina la duka kutoka ng'ambo ya barabara.

Macho yalimjaa maji. Akatoka kwa kunyata, asimkatize.

"Nimeridhika," alimwambia Profesa, na Profesa, aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo bila kulisikia neno hilo mdomoni mwake, aliomba alirudie.

Nje kwenye korido baba alisimama haraka. Mwanawe wa kiume alibaki ameinama kwenye benchi.

"Mzee, mwanao amepita," alisema Bi Msumari. "Anakwenda kambini."

Uso wa fundi ulifunguka wote. Alimvuta kijana akamkumbatia, akampiga mgongo mpaka ukalia. "Nilisema mimi! Si nilisema?"

"Si mimi, baba," kijana alisema ndani ya ovaroli. "Ni yeye. Hata lile swali niliiba kwake."

Mikono ya baba ilibaki mgongoni kwa mwanawe, haijui iende wapi. Alimtazama Bi Msumari kwa shaka kubwa, shaka ambayo Bi Msumari aliitambua kwa sababu asubuhi ile ilikuwa yake. "Mna hakika, mwalimu? Huyu wa kike?"

"Nina hakika."

"Yuko wapi sasa? Mbona hatoki?"

"Hajamaliza. Nenda ukamwone."

Fundi alikwenda mpaka mlangoni, akaishia hapo. Binti yake hakuinua kichwa. Hesabu hakuijua zaidi ya ile ya kazi yake, wala hakujua madawati meusi na meupe yanahusu nini. Lakini kusoma alijua, na pale aliposimama aliweza kusoma kila neno.